Santuri za Babu

Katika likizo ya Juni nilikwenda kumwamkia Babu yangu, ambaye kihamba chake kipo hapa hapa Kibosho. Babu anazo santuri kama arobaini, na azipendazo zaidi ni za bendi za Morogoro: za Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na za Mbaraka Mwinshehe, ambaye mwaka 1970 alikwenda na Morogoro Jazz hata Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia. Zamani alizipiga kwa radiogramu aliyoinunua kwa fedha za kahawa. Ilipokufa, santuri zikakaa kabatini miaka mingi.

Safari hii nilimkuta na furaha, kwa kuwa Baba Mdogo alikuwa amemletea mashine mpya ya santuri. Nikaiunga kwenye redio kubwa ya sebuleni, katika tundu lililoandikwa AUX. Lo! Sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mbu aliye chumba cha pili. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, wapi! Babu akainamisha kichwa karibu na spika, kisha akasema polepole, "Mjukuu wangu, basi masikio yangu yamekwisha." Neno hilo liliniuma sana, maana Mama naye alikuwa ameanza kusema apelekwe KCMC akapimwe.

Nikageuza swichi kutafuta stesheni ya redio, nikasahau kupunguza sauti. Mtangazaji alinguruma hata kuku wakakimbilia migombani, na Babu akaruka kitini! Hapo nikajua kwamba ugonjwa hauko masikioni.

Fundi mmoja mjini Moshi alinishauri ninunue spika kubwa zaidi. Bahati njema sikuwa na fedha. Shule ilipofunguliwa nilimwuliza mwalimu wetu wa fizikia, naye akanichorea ubaoni. Katika mashine ya namna ile, sindano ikitetemeka katika mfereji wa santuri hutikisa sumaku ndogo karibu na koili, na umeme upatikanao ni kama sehemu 5 tu za elfu moja za volti. Tundu la AUX hungojea umeme mkubwa kama mara mia. Tena santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa, maana besi kamili ingetaka mifereji mipana, na nafasi ingekwisha upesi. Kwa hiyo panatakiwa kijisanduku cha katikati, cha kukuza umeme ule na kuirudisha besi. Redio nyingi za zamani zilikuwa nacho ndani kwa ndani, nyuma ya tundu liitwalo PHONO. Na radiogramu ya Babu je? Nyingi za aina ile zilitumia kipande cha fuwele, ambacho kikiminywa na sindano hutoa umeme wa kutosha chenyewe.

Baba Mdogo akakileta kijisanduku, nami Jumamosi moja nikapata ruhusa. Kwanza palikuwa na mvumo kama wa nyuki mzingani, mpaka nilipoufunga ule waya mwembamba wa ardhi ambao nilikuwa nimeukunja nyuma ya mashine nikidhani hauna kazi. Babu akachagua santuri ya Salum Abdallah, akaifuta vumbi kwa kanzu yake, akaenda kukaa mbali, karibu na mlango. Vikombe vikatetemeka kabatini.

"Punguza kidogo, mjukuu wangu," akasema.