Bushi Moja Ilibaki Mezani

Wengi mnanijua kwa ile video ya sekunde 58. Sanduku linafunguliwa, mikono inaenda mbio, skrubu zinaingia kama zina akili zao, halafu kagari keupe kanaondoka kwenye vumbi jekundu, kilima cha Salaita kikiwa nyuma. Muziki juu. Hakuna kitu nimewahi kuweka kikaonwa hivyo. Kuna walioniita fundi, na mmoja akaniita injinia bila digrii. Hiyo ya mwisho nimeibeba kifuani miezi miwili na inanikwaruza, kwa hivyo leo acha niseme kilichoachwa nje ya zile sekunde 58.

Kwanza, kazi yenyewe ilichukua wiki 3. Pili, lile gari mnaloliona likiondoka mwishoni lilienda mita kama 40 likasimama. Nikakata hapo.

Gari lenyewe ni Tamiya Grasshopper, yaani panzi. Tamiya ni kampuni ya Japani, na hili panzi walilitoa mara ya kwanza 1984, wakalirudisha tena sokoni 2005, karibu vile vile lilivyokuwa. Ni gari la rimoti la kukimbia kwenye mchanga na mawe, kipimo cha 1 kwa 10. Haliji likiwa gari. Linakuja likiwa sanduku: vipande vya plastiki bado vimeshikana kwenye fremu zao, mifuko midogo ya skrubu, mota, tairi 4, stika, na kitabu cha michoro. Rimoti, betri na chaja unajitafutia. Mimi nililipata kwa mtu wa Nairobi aliyelinunua akakosa muda wa kuliunda. Shilingi 18,000 pamoja na rimoti kuukuu, likatumwa kwa basi mpaka Taveta, nikaenda kulichukua na bodaboda.

Najua unachofikiria. Elfu kumi na nane, toy? Baba alifikiria hivyo pia, tofauti ni kwamba yeye hakusema. Alilitazama sanduku pale mezani, akanitazama mimi, akachukua kofia yake akaenda kwa posho mill. Yeye ndiye fundi wa posho mill za huku, zetu na za vijiji vya jirani. Mashine ikigoma, anaitwa.

Hapa lazima niseme jambo la chuo. Niliacha mwaka wa pili, nilikuwa nasomea uhandisi wa mitambo. Mkiniuliza huwa nasema ni karo, kwa sababu karo inaeleweka haraka na hakuna anayeuliza swali la pili. Karo ilikuwepo, sidanganyi. Lakini semista ile ya mwisho karo ilikuwa imepatikana. Baba aliuza mbuzi 6. Mimi nilikuwa nimefeli masomo mawili na nilishaacha kuingia darasani, nikaona pesa zile zitazama bure, nikanunua simu ya kurekodia. Simu hii hii. Nyumbani nikasema chuo kimenifungia nje kwa sababu ya karo, na nikaacha ieleweke kwamba zile za mbuzi hazikutosha.

Tuendelee na panzi.

Watoto wa huku tumeunda magari kabla hatujajua kusoma. Waya wa seng'enge, tairi za patipati zilizokatika, fimbo ndefu ya kupindia magurudumu, unakimbia nalo mpaka dukani na kurudi. Kwa hivyo nilikaa kwa lile sanduku na kiburi fulani. Kitabu chao kina michoro mitupu, hatua kwa hatua, kila skrubu imechorwa kwa urefu wake halisi ili uilaze juu ya karatasi uhakikishe. Mtu akikifuata polepole hawezi kupotea. Shida ni kwamba mimi sikuwa nafuata kitabu, nilikuwa nafuata kamera. Hatua ikionekana vizuri narekodi mara tatu. Hatua ya kuchosha, kama kupaka grisi ndani ya giaboksi, naipitia chapchap ili nifike kwenye ile ya kubandika tairi.

Nilipofunga giaboksi nikaona bushi moja imebaki mezani. Bushi ni kapete kadogo, ndimo shafti inamozungukia. Nikajiambia ni ya ziada. Kusema ukweli, Tamiya huwa wanakuachia vipande ambavyo havina kazi kwenye modeli yako, kwa hivyo si kwamba nilijidanganya bila ushahidi. Lakini kuna sehemu ya mwili inayojua. Mimi ilikuwa tumboni.

Skrubu nazo zilinisumbua. Zina msalaba kama skrubu za kawaida, lakini msalaba wa Kijapani umekatwa tofauti kidogo, na bisibisi ya dukani inaruka na kula kichwa cha skrubu. Niliharibu 4. Tena ni skrubu zinazojikatia njia kwenye plastiki, ukikaza kupita kiasi tundu linapanuka na haishiki tena. Lakini zilishika mpaka mwisho, nikabandika stika, nikampaka rangi yule kadereva wa plastiki anayekaa ndani. Rangi ya kahawia. Nikamwita Njiru, kwa heshima ya Patrick Njiru na Subaru zake za Safari Rally miaka ya 1990.

Siku ya kurekodi nilienda chini ya kilima. Ukitoka Voi kwenda Taveta kinasimama peke yake kwenye tambarare, hakina urefu wa kutisha, na wageni wanaoshuka pale huwa wamekuja kwa sababu ya vita vya kwanza vya dunia. Tarehe 12 Februari 1916 jeshi la Waingereza, wengi wao askari kutoka Afrika Kusini, walijaribu kuwang'oa Wajerumani hapa wakashindwa. Walikuwa wamepiga mizinga kule kileleni, kumbe mahandaki yenye watu yalikuwa chini, miguuni mwa kilima. Tumekua tukicheza kwenye mabaki ya hayo mahandaki. Sikulipeleka gari humo, watu walikufa pale. Nilitumia njia ya ng'ombe iliyo karibu.

Likaenda. Manze, lilienda! Grasshopper haina shoki za mafuta, ni springi tupu, kwa hivyo kwenye mawe linaruka kama jina lake. Miiba ya migunga iliingia kwenye tairi na hakuna kilichotokea, kwa sababu tairi zake hazijazwi upepo. Kuna jamaa wa boda alisimama hapo akashika kiuno, akasema laiti yake ingekuwa hivyo. Halafu ikaanza sauti, krr, krr, krr, mota ikachemka mpaka huwezi kuishika, na basi. Usiku huo nilikata, nikaunga, nikaweka muziki juu ya ile krr.

Video ikaenda mbali. Gari likaenda chini ya kitanda.

Baada ya kama wiki moja Mama alikuwa akifagia, akalitoa nje. Mdogo wangu akaliwasha. Nilikuwa nyuma ya nyumba na nikaisikia ile sauti, na nikamsikia Baba akiita kabla hajaliona.

"Ni nini hicho kinakula meno?"

Mtu aliyesikiliza posho mill miaka 20 haitaji kufungua mashine ndiyo ajue. Alikuja akaligeuza juu chini, akazungusha gurudumu kwa kidole, akaweka sikio.

"Shafti inacheza. Kuna bushi haiko."

Sikujibu. Nikaingia ndani nikaileta. Nilikuwa nimeihifadhi kwenye kisanduku cha kiberiti, sijui kwa nini, kama mtu anayehifadhi ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Akaitazama. "Ilibaki?"

"Ilibaki."

"Na ukafunga."

"Nilikuwa narekodi, Baba."

Akatoa bisibisi yake, ile iliyokuja chini ya kiti cha Yamaha aliyokuwa nayo zamani kabla sijazaliwa. Ikaingia kwenye zile skrubu kama ilizaliwa nazo, na si ajabu, Yamaha ni ya Japani pia. Tukafungua yote. Ndani ya giaboksi lile vumbi letu lilikuwa limechanganyika na grisi likawa kama msasa. Gia moja ilikuwa imelika upande, lakini si ya kutupa. Akaishika ile bushi tena, akaikwaruza kwa ukucha.

"Hii ni plastiki? Kwa vumbi hili? Hawa watu hawajafika Salaita."

Na ndivyo ilivyo. Kitabu chao ni kizuri, siwezi kukikosoa, lakini kiliandikiwa mahali pengine. Tukaagiza beringi ndogo za chuma, saizi ambayo Tamiya wanaitumia sana, milimita 5 ndani na 11 nje. Zikachukua siku 5 kufika. Siku hizo 5 Baba alikuwa akirudi kazini anapitia mezani kwanza. Alikata soksi kuukuu ya nailoni ya Mama akafunika matundu ya mota, hewa ipite na vumbi libaki nje. Zile skrubu zilizokuwa zimelegea, akadondosha gundi kidogo kwenye tundu, akaiacha ikauke, ndiyo akazirudisha. Aliongea zaidi siku hizo kuliko mwaka mzima uliotangulia. Alinieleza jinsi Safari ilivyokuwa ikipita Taita na wao wakilala kando ya barabara kungoja magari, na mimi nilikuwa naunganisha giaboksi, hatua kwa hatua, kidole kwenye mchoro. Simu ilikuwa ndani kwenye chaja. Sina picha hata moja ya kazi hiyo.

Jumapili jioni tulienda kwenye ile njia ya ng'ombe, mimi na yeye na mdogo wangu. Kilimanjaro ilikuwa imetoka mawinguni, ile nusu saa yake. Gari halikupiga krr. Lilipiga mlio mmoja mwembamba, safi, na Baba akatikisa kichwa kama mtu aliyeonjeshwa mchuzi. Akaomba rimoti. Alienda mita 10 akaliingiza kwenye kichaka cha miiba, akacheka mpaka akakohoa, mdogo wangu akakimbia kulitoa.

Sijui ni kwa nini nilichagua wakati ule. Labda kwa sababu alikuwa anaangalia kichaka, si mimi. Nikasema, Baba, zile pesa za mbuzi zilitosha. Mimi nilinunua simu.

Akaendelea kuangalia kule kichakani.

"Najua," akasema. "Risiti uliacha kwenye suruali. Mama yako ndiye alifua."

Nikahesabu kichwani. Mwaka na miezi minne.

"Na hamkuniuliza?"

"Tulikuwa tunangoja useme."

Mdogo wangu akarudi na gari, Njiru akiwa amepoteza kofia yake ya plastiki. Baba akalipangusa kwa shati, akazungusha gurudumu la nyuma, akasikiliza, akaliweka chini na kunipa rimoti.

"Mbuzi ni 6," akasema. "Nitazihesabu. Hebu lipeleke mpaka pale kwenye jiwe, polepole, nisikie beringi."