Daftari la Mama na Bei Mbili za Sukari

Mama yangu aliandika kilo kwanza, shilingi baadaye. Ukifungua daftari lake la matumizi, upande wa kushoto unakuta chakula na kipimo chake: sembe kilo sitini, maharage pishi nne, mchele kilo kumi, sukari kilo nne, dagaa, chumvi, mafuta chupa sita, sabuni mche mmoja. Upande wa kulia, mahali pa bei, aliuacha wazi mpaka arudi dukani. Hapo ndipo alipoandika alichotoa kweli. Hakuandika kile redio au tangazo la ukutani lilichosema kitu kinauzwa.

Tulikaa Magomeni, Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo cha Urafiki. Mshahara ulipotoka aliupeleka nyumbani kwenye bahasha, akatoa hela yake ya nauli na sigara, na iliyobaki akaiweka mezani mbele ya mama. Tulikuwa watu saba, na hela ile ilipaswa kutulisha hadi bahasha nyingine ije.

Aliyekuwa mtu mzima enzi zile hahitaji kuelezwa. Kwa vijana nitasema machache. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, vita na Idi Amin vikala hazina ya nchi mwaka uliofuata na ule mwingine, bei ya mafuta ikapanda duniani, mvua nazo zikakataa. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilikwisha na mikanda ikabaki pale pale. Nchi haikuwa na fedha za kigeni, viwanda havikupata vipuri wala malighafi, na sukari, unga, sabuni, mafuta ya kula na hata betri za redio vikawa vitu vya kutafutwa. Bei zilipangwa na Tume ya Bei, iliyoanzishwa 1973, na bidhaa zikagawiwa mikoani kupitia makampuni ya biashara ya mikoa, RTC. Mtaani kwetu tulikuwa na duka la kaya na kadi, na jina lako lilipaswa kuwa kwa balozi wa nyumba kumi. Mzigo ukifika, habari ilitangulia gari. Watu waliacha chungu jikoni, wakapanga foleni, na aliyelazimika kuondoka aliweka jiwe mahali pake. Jiwe la mtu liliheshimiwa. Nimeona wanawake wakilitetea jiwe la jirani yao aliyekuwa amempeleka mtoto hospitali, wasikubali mtu alisogeze.

Katika hali hiyo, bajeti ya chakula ilikuwa kazi ya kipimo. Mama alijua nyumba yake inakula kilo mbili za unga kwa siku. Alizipima kwa kopo lile lile kila jioni, na baada ya kupima alichota konzi moja akairudisha kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko iliyokaa chini ya kitanda chake. Hakuna aliyekosa ile konzi mezani. Lakini mwezi ulipofika ukingoni, ndoo ilikuwa na unga wa siku nzima, na katika mwezi dume siku hiyo moja ndiyo iliyotutenganisha na kwenda kuazima. Chupa ya mafuta aliifunga uzi mwekundu shingoni, na kila siku aliushusha vidole viwili. Aliyekaanga kitu alikuwa na ruhusa ya kumimina hadi kwenye uzi, asiuvuke. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi wa kushonea, vipande vinne sawasawa, akavianika juani dirishani vikauke, kwa kuwa sabuni mbichi huyeyuka upesi majini. Kipande kimoja, wiki moja.

Sukari ndiyo iliyokuwa na kurasa zake peke yake. Kwenye daftari ina safu mbili za bei. Safu ya kwanza mama aliiandika "duka", ya pili "mlango". Ya duka ni ile bei halali iliyopangwa, na mbele yake mara nyingi kuna mstari mtupu: hakuna, hakuna, kilo moja, hakuna. Ya mlango ni ile aliyoulizwa akigonga uani kwa mtu jioni, na ilikuwa mara tatu ya bei ya duka, wakati mwingine zaidi. Mama hakuipenda safu ya pili. Alikuwa mwanachama wa UWT, umoja wa wanawake, aliamini siasa ya nchi yake, na ulanguzi ulimuuma. Lakini alikuwa pia na mama mkwe mgonjwa ambaye uji bila sukari haukumpita kooni. Basi alinunua robo ya mlango kwa ajili ya bibi, akaifungia kwenye kopo la maziwa, na sisi wengine tukanywa chai ya chumvi na tangawizi. Tuliizoea. Dada yangu mkubwa mpaka leo akiwa na mafua huiomba.

Unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, nao una ukurasa wake. Ulikuja mwingi wakati sembe nyeupe imeadimika, na ugali wake ulikuwa na harufu ambayo haikutoka mikononi hata kwa ndimu. Watu walinung'unika sana. Mama aliandika kilo zake kama kawaida, akapunguza nusu pishi ya maharage na kuweka dagaa zaidi, kwa sababu aliona yanga inalika vizuri na kitu chenye chumvi kali. Huo ndio ulikuwa ufundi wake: alijua wapi pa kupunguza na wapi pa kuongeza ili sahani isirudi na makombo. Chakula kinachorudi jikoni, kwake, kilikuwa kimenunuliwa mara mbili.

Hakutegemea bahasha tu. Kama maelfu ya wakazi wa Dar es Salaam, tulikuwa na kishamba Mbagala, wakati huo Mbagala ikiwa porini hasa. Muhogo ulitupa mizizi na kisamvu. Alfajiri mama alikaanga vitumbua na kuviuza barazani. Hela ya vitumbua hakuichanganya na ya chakula hata siku moja. Ilikuwa ya daftari za shule, kandambili na dawa, na alisema wazi kwamba akishaanza kuila, hatajua tena kama mshahara wa baba unatosha au hautoshi.

Mwaka 1983 ilikuja ile operesheni ya wahujumu uchumi, Waziri Mkuu Edward Sokoine akiwa mbele. Maghala yalifunguliwa, watu walikamatwa, na wengine waliitupa mali usiku kuliko kukutwa nayo. Mtaani kwetu tulishangilia, na nasema bila kusita kwamba shangwe ile ilikuwa ya haki, kwani tulikuwa tumechoka kugonga milango. Lakini daftari linaonyesha kilichofuata. Safu ya "mlango" ikawa tupu, na safu ya "duka" haikujaa. Kwa miezi kadhaa sukari haikuwa na bei yoyote. Sokoine alifariki Aprili 12, 1984, katika ajali ya gari Dakawa, Morogoro. Juni mwaka huo huo, Waziri wa Fedha Cleopa Msuya alisoma bajeti iliyoondoa ruzuku ya sembe na kuruhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Mwaka uliofuata, Novemba, Mzee Ali Hassan Mwinyi aliingia Ikulu, na maduka yakaanza kujaa. Mwanzoni mwa 1986 dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 17. Mwaka ulipokwisha ilikuwa imepita 50.

Wengi hukumbuka kipindi hicho kama mwisho wa shida. Kwa mwenye kupanga chakula cha nyumba, shida ilibadilika sura tu. Zamani hela ilikuwepo na sukari haipo. Sasa sukari ilikuwa imejaa rafuni, nyeupe, kwenye mifuko yenye maandishi ya kigeni, na hela ndiyo haikuifikia. Kwenye kurasa za 1986 na 1987 safu ya bei imekatwa na kuandikwa upya, mara nyingine mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Safu ya kilo, mwanzoni, imetulia. Sembe sitini, maharage pishi nne.

Nakumbuka jioni moja baba aliweka hela mezani, mama akaihesabu, akanyamaza.

"Mama watoto, mwezi uliopita hela hii ilitosha," baba alisema.

"Ilitosha kwa bei za mwezi uliopita. Kilo ni zile zile, baba watoto. Soma."

Akamsukumia daftari. Baba alilisoma chini ya taa ya chemli, kidole kikishuka mstari kwa mstari, akifika kwenye bei akirudi kutazama kilo. Hakubisha. Alitoa hela ya sigara kutoka mfuko wa shati akaiweka juu ya ile nyingine, na Jumamosi akaenda naye sokoni Kariakoo, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Walirudi na gunia la mahindi walilonunua kwa kuchanga na jirani. Kuanzia hapo tukaacha sembe ya dukani, tukasaga dona wenyewe mashineni. Kwenye daftari, nyama imefutwa, kisha mchele umepungua ukabaki wa Ijumaa peke yake, kisha mafuta yamekuwa chupa tano. Miaka hiyo unga, maharage na dagaa havikuguswa hata mara moja, na hakuna mtoto aliyelala na njaa katika nyumba ile.

Sasa nina nyumba yangu, na ninapanga kama yeye. Mafuta ya kula yalipopanda vibaya mwaka 2022, majirani zangu walilalamika kwamba bajeti imewashinda, na wengi wao walikuwa wamepanga kwa shilingi: laki kadhaa za chakula, basi. Kiasi hicho hakikuwaambia nyumba inakula nini. Mtu anayejua kwamba anatumia lita tano kwa mwezi ana mahali pa kushika bei inapopanda. Anaweza kuamua ziwe nne, na akajua ni chapati za siku gani zinazoondoka.

Daftari la mama ninalo mimi. Bei rasmi za miaka ile ni zile zilizopangwa, na kwa bei hizo sukari mara nyingi haikupatikana. Bei iliyolipwa kweli, usiku, uani kwa mtu, iliandikwa na kina mama kwenye madaftari ya shule yaliyobakiza kurasa, au haikuandikwa kabisa. Kama mama au bibi yako bado yu hai na alilisha watu katika miaka hiyo, kaa naye, umuulize kilo na bei, zote mbili, ya duka na ya mlango, na uziandike na mwaka wake.