Hifadhidata Iliyokataa Kalamu

Kwa miongo mingi wakusanyaji wa msamiati wa Kiswahili walitumia kadi za karatasi zilizopangwa kialfabeti katika visanduku. Kadi ina ila zake: huliwa na mchwa, hulowa, hupotea. Hata hivyo, haijapata kumzuia mwenyewe kuisahihisha. Kompyuta ilipoingia majumbani ilileta wepesi wa kutafuta na kupanga, na pamoja nao tatizo ambalo kadi haikulijua, yaani faili zima lisilo na dosari, linalofunguka na kusomeka, ila halikubali kuongezwa hata herufi moja.

Tatizo hilo lilimkuta mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga, aliyekuwa amekusanya maneno ya wavuvi katika programu ya Microsoft Access: majina ya nyavu, mitego, pepo na sehemu za vyombo. Kompyuta yake ya zamani ilipoanza kudhoofu, alilinakili faili lake kwenye sidii, kisha mpwa wake akalihamishia kwenye kompyuta mpya. Maneno yote yalikuwapo. Lakini alipotaka kurekebisha kidahizo cha jarife, programu ilimjulisha kwamba hifadhidata hiyo ni ya kusoma tu.

Kidahizo hicho hakikuwa jambo dogo. Mwalimu alikuwa amelieleza jarife kuwa ni wavu wa kukokota. Yaani alikuwa amelichanganya na juya. Nahodha mmoja mzee alimsahihisha kwamba jarife ni wavu wenye matundu makubwa, wa kuvulia papa. Mzee huyo alikuwa mgonjwa, na alikuwa ametoa sharti moja: “Mwalimu, ukija tena nisomee yote, nisije nikabebeshwa maneno nisiyoyasema.”

Shauri la kwanza la mpwa lilikuwa la busara. Faili lililotoka kwenye sidii huweza kubaki na alama ya kusoma tu, kwa kuwa sidii yenyewe haiandikiki. Aliifungua orodha ya sifa za faili, akaiondoa alama hiyo. Windows iliomba idhini ya msimamizi wa kompyuta, ikapewa. Faili likakataa vilevile. Akageukia kabrasha lenye faili hilo, akakuta nalo lina alama kama hiyo. Kila alipoiondoa, ilirudi. Hapa wengi hupoteza siku nzima bure. Katika Windows, alama hiyo kwenye kabrasha haimaanishi kwamba kabrasha haliandikiki. Mfumo huitumia kwa shughuli zake wenyewe, hususan kutambua makabrasha yenye mwonekano maalumu.

“Mjomba, faili limeharibika. Tulikarabati,” mpwa alisema. Mwalimu alikataa, na alikuwa na haki. Faili lililoharibika aghalabu hushindwa kufunguka au huonyesha maandishi yaliyovurugika. Hili lilikuwa likisomeka kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Kulikarabati kabla ya kutengeneza nakala nyingine kungekuwa kuihatarisha kazi ya miaka kwa ugonjwa usiokuwapo.

Kiini cha tatizo kilikuwa nje ya faili. Kwa kawaida Access inapofungua hifadhidata ya namna ya mdb, huunda kando yake faili dogo lenye jina lilelile na kiishio cha ldb, ambamo huandikwa jina la kompyuta na la mtumiaji, ili watu wawili wasiandike mahali pamoja kwa wakati mmoja. (Katika namna mpya iliyoanza na toleo la 2007, kiishio hicho ni laccdb.) Mtumiaji asiye na haki ya kuunda faili katika kabrasha husika hawezi kupata daftari hilo dogo la mahudhurio, na Access humfungulia hifadhidata kwa kusoma tu. Mpwa, kwa kudhani kwamba faili la programu likae karibu na programu, alikuwa ameliweka ndani ya Program Files. Na tangu Windows Vista, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007, mtumiaji wa kawaida haandiki humo bila idhini. Ile idhini iliyoombwa mwanzoni ilikuwa dalili tosha, lakini hakuna aliyeitilia maanani. Kwa hakika istilahi yenyewe ina lawama: “kusoma tu” hutajwa kwa sifa ya faili, kwa upungufu wa haki za mtumiaji na kwa uamuzi wa programu, ilhali dawa zake ni tofauti.

Faili lilinakiliwa kwenye kabrasha la nyaraka za mwalimu mwenyewe. Lilipofunguliwa, faili dogo la ldb lilijitokeza kando yake, na kidahizo cha jarife kikasahihishwa jioni hiyohiyo. Orodha ilichapishwa na kupelekwa kwa nahodha, naye akaisikiliza kwa siku mbili, akafuta maneno matatu. Sidii ya awali bado ina maana potofu ya jarife. Mwalimu ameandika hivyo kwa wino juu ya jalada lake.