Mabaka yaliyonifanya nimwonee mtu bure

Je, umewahi kujikuna hadi ukatamani kuivua ngozi kama shati? Mimi yalinipata hayo hapa Kimumu, mjini Eldoret, na nakusimulia ili usirudie kosa langu.

Yalianza kama mabaka mekundu yaliyofura mikononi na usoni, yakiwasha kama upupu. Baada ya saa moja hivi yalitoweka bila kuacha alama, na kesho yake yakarudi. Jirani alisema ni mayai, nikaacha mayai. Shemeji akasema ni samaki, nikaacha samaki. Msimu wa mavuno ulipofika, nikalaumu vumbi la mahindi. Mwishowe nikamgeukia msichana wetu wa kazi. Nilidai amenunua sabuni duni ya kufulia ili abaki na chenji.

"Mama, sabuni ni ile ile," alinililia. Sikumsikiliza. Nilimlipa ujira wake, akashika mkoba wake akaenda.

Mabaka hayakwenda naye.

Miezi miwili baadaye nilimwona daktari wa ngozi. Nilitarajia aniulize ninakula nini. Yeye aliniuliza mabaka hutokea saa ngapi, nikiwa nafanya nini. Akaniagiza niandike yote daftarini kwa wiki mbili.

Daftari lilinisuta. Mabaka yalinitoka nilipomaliza kunawa maji ya tangi alfajiri, nilipopanda bodaboda barabara ya Iten, hata niliposhika soda iliyotoka kwenye friji. Jumapili, nilipochelewa kuamka na kuoga maji moto, hayakuonekana.

Daktari alifunga kipande cha barafu kwa nailoni nyembamba, akakiweka mkononi mwangu kwa dakika 5. Dakika 10 baada ya kukiondoa, ngozi ilikuwa imefura pale pale kilipokaa.

Kumbe adui alikuwa baridi! Eldoret iko kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya hapa si mzaha. Ngozi ya mtu kama mimi ikipoa kisha ikaanza kupata joto, hutoa kemikali iitwayo histamini. Mishipa midogo ya damu huvujisha majimaji, ngozi ikafura na kuwasha.

Jua pia kwamba mabaka haya mara nyingi hufuata maradhi ya virusi kama mafua, kisha huisha yenyewe. Yakizidi wiki 6, ni nadra chakula kuwa chanzo. Baadhi ya watu huchochewa na jasho, mshipi unaobana au dawa za maumivu kama aspirini. Wengine chanzo hakipatikani, ingawa dawa huwatuliza. Ukifura ulimi au ukishindwa kupumua, kimbilia hospitali. Na mwenye tatizo langu asijitose kwenye maji baridi kuogelea, kwani anaweza kuzirai humo.

Siku hizi nameza dawa ya kuzuia histamini, naoga maji vuguvugu na kuvaa glavu.

Na yule msichana? Nilimpigia simu kumwomba radhi. Alinisamehe, ila alikuwa amepata kazi kwingine.

"Mama, ungeniuliza tu," alisema. "Nilikuwa nakuona ukijikuna kila ukitoka kunawa."