Shimo lililonisomesha

Ada yangu ya shahada ya pili ilitoka chini ya sebule ya mjomba wangu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililolificha kwa miaka, na nisingelificha, ushuhuda huu ungekuwa mfupi.

Nimezaliwa Kolwezi, kwenye mtaa wa kampuni. Baba alikuwa fundi umeme. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya madini, na mitaa ya wafanyakazi ilipigwa kwa rula: barabara zimenyooka, nyumba zina namba, kila ua una mwembe wake. Nilikua nikijua kwamba huo ndio mji, na kinachobaki ni watu waliojibanza pembeni. Hakuna aliyenifundisha hivyo kwa maneno. Niliokota tu, jinsi mtoto anavyookota lafudhi.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa na kiwanja Kasulo, mtaa mwingine wa Kolwezi. Mwaka 2014 mkazi mmoja wa huko alichimba shimo uani kwake akakutana na jiwe jeusi, heterojeniti, lililojaa kobalti. Habari kama hiyo hailali. Haikupita muda watu wakawa wanachimba nyuma ya jiko, kwenye baraza, hata chumbani, kitanda kikisogezwa ukutani. Mjomba alichimba sebuleni. Alitoa makochi, akavunja sakafu ya saruji, akatundika turubai mlangoni ili mpita njia asione. Vijana walishuka kwa kamba, bila kofia ngumu, wakitia vidole vya miguu kwenye vitobo walivyovichonga ukutani mwa shimo. Mifuko ilipandishwa kwa kamba hiyohiyo. Kutoka hapo jiwe lilikwenda Musompo, kwenye madepo, ambako mnunuzi hulisogezea Metorex, kile kimashine cha kusoma asilimia, kisha akataja bei. Mchimbaji hana Metorex yake. Anakubali au anarudi na mfuko mgongoni.

Wakati huo nilikuwa Lubumbashi nikimalizia jiografia. Nikija likizo nilikuwa nikiwaita watu wa Kasulo wabomoa mji, tena mbele ya mama yangu, ambaye alijua ni mfuko gani uliolipa chumba changu cha kupanga. Mama hakunijibu. Mjomba aliposikia nimepata nafasi Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kusomea mipango miji, alinitumia ada ya mwaka wa kwanza na nauli juu yake. Nilimshukuru kwa simu, kwa haraka.

Dar es Salaam ilinishusha. Masomo yalikuwa kwa Kiingereza, nami nilikuwa nimesoma kwa Kifaransa tangu utoto. Kiswahili changu cha Katanga kiliwachekesha wenzangu, na kutoa shikamoo nilijifunzia ukubwani. Takwimu ndizo zilizonivunja kabisa. Muhula wa kwanza nilifeli, na aliyeninyanyua ni mwenzangu wa Mbeya, ambaye hakuwa na deni lolote kwangu. Usiku baada ya usiku alinieleza jambo lilelile mpaka likaingia. Sikumlipa kitu. Namtaja kwa sababu wakati ule nilidhani nimefaulu kwa akili yangu.

Tukitoka chuoni tulikuwa tunapishana na malori yaliyobeba mabamba ya shaba kwenda bandarini. Wenzangu waliniuliza kama ni ya kwetu. Niliitikia ndiyo, kwa fahari, nikaishia hapo.

Walimu wetu walipenda sana kutaja Tandale, kata ya Dar es Salaam. Mwaka 2011 wanafunzi wa Ardhi walishirikiana na wakazi wa kata hiyo kuchora ramani ya mtaa wao, vichochoro, mitaro na vyoo, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukawatoa mamia ya wanafunzi kwenda kata za mafuriko kupima mitaro na kuuliza wazee maji yalifika wapi. Nilichosikia mimi ni simu, vipimo na ramani nzuri ya rangi. Habari ya kuuliza wazee ilinipita. Nikaandika pendekezo: uwanja wangu utakuwa Kasulo, lengo ni kutafuta njia ya kurejesha mpangilio kwenye makazi holela. Fomu ya maadili ilikuwa na swali kama mtafiti ana uhusiano wowote na eneo la utafiti. Nilijibu hapana.

Tulifika kiangazi cha 2017, mimi na wanafunzi watatu wa Lubumbashi waliojitolea kunisaidia. Kiangazi cha Kolwezi wanakijua waliokaa huko: asubuhi baridi ya kuvaa koti, mchana vumbi jekundu mpaka kwenye chai. Mwaka huohuo serikali ya jimbo la Lualaba ilikuwa imekubaliana na kampuni ya Congo Dongfang, kampuni tanzu ya Huayou ya China, kuhusu uchimbaji wa Kasulo. Sehemu ya mtaa ilihamishwa, nyumba zikabomolewa, ukajengwa ukuta. Nje ya ukuta watu waliendelea kama kawaida. Nyumba ya mjomba ilikuwa nje ya ukuta.

Fomu yetu ilikuwa na swali kuhusu vyoo. Sasa fikiria, mtaa ambao kila mtu ana shimo asilotaka lijulikane, na anakuja kijana mwenye tableti kuuliza kama kuna shimo. Wote walijibu: choo. Wengine vyoo viwili. Tulipojumlisha jioni, Kasulo ikawa na vyoo vingi kuliko mtaa wowote wa Afrika ya Kati, na baadhi vilikuwa vyumbani. Wenzangu walicheka. Mimi nilijua jibu, lakini kulisema kungenilazimu kueleza nimelijuaje. Niliziacha takwimu zilivyo, na ningezipeleka Dar hivyohivyo.

Aliyenizuia ni mama mmoja mjane, jirani wa mjomba, ambaye alikuwa akiosha jiwe mtoni kwa malipo ya mfuko. Alituketisha uani, akasikiliza maswali, kisha akanitazama vizuri.

“Wewe si mtoto wa dada yake Papa wa hapa pembeni?”

Nikasema ndiyo, mama.

“Na unatuuliza choo? Mwanangu, si ndicho choo kilichokusomesha?”

Wenzangu waliinamisha macho kwenye tableti. Nilitafuta neno la kujitetea, sikulipata. Nilichotarajia ni kufukuzwa na habari kuzagaa barabara nzima. Badala yake alimwita binti yake alete maji ya kunawa, tukala bukari na sombe kwenye sahani moja, akatuuliza wazazi wetu ni wazima. Baadaye akamwita mjomba. Mjomba alikuja, akakaa, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba siku nyingi alikuwa akinisubiri nipite nyumbani. Nilikuwa nimelala hoteli ya mjini, ndugu msomaji. Wiki nzima sikuwa nimemsalimu.

Kazi ilianza siku hiyo. Mjomba aliwaita wakubwa wa mashimo, ambao Kolwezi sote tunawaita PDG, wakakubali kuzungumza. Walitueleza mambo ambayo sikuwahi kuyasoma. Chini kuna mipaka. Mashimo mawili yakikutana ardhini, kazi husimama, wanaitwa wazee wa barabara, kamba inashushwa pande zote mbili na kupimwa juu ya ardhi, kisha inaamuliwa nani amevuka. Sheria inaweka kikomo cha mita 30 kwa mchimbaji mdogo. Walikijua, na walijua nani amekivuka. Walijua mahali kijana alipofukiwa na jina la mama yake. Yule mjane alitutembeza akituonyesha mahali ambapo gari la mchanga halipiti na watoto hawachezi, kwa sababu ukikanyaga kwa kisigino ardhi inaitika.

Tulichora yote hayo kwa mkaa nyuma ya karatasi za mifuko ya saruji zilizounganishwa kwa gundi. Ilikuwa ramani ya mji wa chini: njia, mipaka, mahali pa hatari. Nilikwisha kuiona ukurasa wa katikati wa tasnifu yangu. Ndipo PDG mmoja akauliza, bila hasira, nani mwingine ataisoma. Aliyeisoma, alisema, atajua jiwe liko wapi, na atajua nyumba ya nani ianze kuondolewa.

Nilibishana naye. Nilisema nitaficha majina, nitafuta namba za nyumba. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali lilelile. Usiku ule sikulala vizuri, nikijiambia kwamba shahada inaniponyoka. Asubuhi tuliiacha ile karatasi kwa yule mama. Ilikuwa yao.

Nilirudi Dar bila ramani na nikiwa na fomu ya maadili yenye uongo. Nilimweleza msimamizi wangu kila kitu, pamoja na ada. Kwa kanuni angeweza kuifuta kazi nzima. Aliniambia niandike upya sura ya mbinu, nitaje uhusiano wangu na Kasulo katika aya ya kwanza, niripoti makosa nirekebishiwe kibali, na nieleze kwa nini ramani haimo. Iliniongezea muhula mzima. Mjomba ndiye aliyeulipia.

Miaka iliyofuata imenifunza zaidi. Kwa sheria ya Kongo, kilicho chini ya kiwanja chako ni mali ya taifa, na nyumba yenye namba haina kinga kuliko isiyo nayo. Mnamo Septemba 2023 Amnesty International na shirika la Kolwezi la IBGDH walichapisha ripoti iliyoeleza jinsi wakazi wa Cité Gécamines, mtaa uliopangwa vizuri kabisa, walivyohamishwa kupisha mgodi kupanuka. Rula haikuwaokoa. Tangu Juni 2018 kanuni za madini zina kiambatisho kizima, cha XVIII, kuhusu namna ya kuhamisha watu na kuwafidia, na nimekutana na wakazi wengi ambao hawajawahi kukishika mkononi. Siku hizi sehemu ya kazi yangu ni kukisoma na watu kwa Kiswahili, uani, kabla kampuni haijaja na karatasi zake. Namshukuru Mungu kwa kazi hiyo. Sikuistahili.

Mjomba ameshaacha kuchimba. Alilijaza shimo kwa mawe na kifusi akamwaga saruji juu, lakini sehemu ile ya sakafu inazama kidogo kila masika, naye huiongezea saruji.

Nawe unayejaza fomu ya maadili wiki hii, kile kisanduku kinachouliza uhusiano wako na eneo la utafiti, kijaze kwa ukweli. Na kama ada yako imetoka mahali unapopaonea haya, mpigie aliyeilipa kabla hujafunga begi, kisha ukalale kwake.