Chekeche la Chuma

Mtu aliyekulia karibu na jiko la mama yake hahitaji kufundishwa tofauti ya kupepeta, kuchekecha na kuchuja. Mpepetaji huurusha mchele juu ya ungo, upepo ukachukua makapi. Mchekechaji hutikisa chekeche, kilicho kidogo kikapita matunduni na kilicho kikubwa kikabaki. Mchujaji naye hukamua nazi katika kifumbu, tui likashuka na machicha yakasalia. Kazi tatu, vyombo vitatu, vitenzi vitatu. Nimeyatumia maneno hayo katika mashairi yangu kwa zaidi ya miaka 30, nikajihesabu kuwa mmoja wa walinzi wake. Habari ninayotaka kuisimulia yahusu siku maneno hayo yaliponijia yakiwa yameandikwa na mkono wa fundi, nami nikayafukuza.

Mwaka 2016 kijiji chetu, kilichopo katika vilima vya Muheza, kiliazimia kujenga madarasa matatu. Nilikuwa mtumishi wa serikali, na wanakijiji wenzangu wakanichagua kuwa katibu wa kamati ya ujenzi. Matofali tulifyatua wenyewe. Tatizo letu likawa mchanga. Hatukutaka kuuchimba mtoni, kwa kuwa kingo zikichimbwa mto hula mashamba. Tuliuchimba shimoni, na mchanga wa shimo hauji peke yake. Huja na mizizi, mawe, na madongoa ya udongo mwekundu. Lipu iliyochanganywa na madongoa hupasuka, kisha hubanduka. Hivyo akina mama na vijana waliurusha mchanga kwa koleo juu ya wavu ulioegemezwa kwenye miti miwili, kutwa nzima ndani ya vumbi. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu hukaribia tani moja na nusu, na wote ulipita katika mikono yao.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ni mchomeleaji wa vyuma. Alikuwa amelitazama trekta tuliloazimwa, lenye kijiko mbele cha kuchotea mchanga, akajiuliza kwa nini lichote na kumwaga tu ilhali lingeweza kuchekecha papo hapo. Akaja kwangu jioni moja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Habari za kazi?"

"Njema, mjomba. Nimeunda kitu, ila bado kimo katika karatasi."

Ilikuwa karatasi ya daftari. Mahali pa kijiko alikuwa amechora pipa la chuma lililolala ubavu, lenye kipenyo cha mita moja, wazi upande wa mbele. Kila sehemu aliipa jina. Palipoingilia mchanga aliita mdomo, na bamba nene la kuchotea aliliita ulimi. Pete za chuma bapa zilizolizunguka pipa zilikuwa mbavu. Juu ya mbavu ilivishwa ngozi, yaani wavu uliofungwa kwa bolti ili uweze kubadilishwa: wa matundu ya milimita 5 kwa mchanga wa lipu, na wa matundu mapana zaidi kwa mchanga wa zege. Kule nyuma kilikuwapo kitovu, penye ekseli, beringi, na mota inayozungushwa na mafuta ya haidroliki ya trekta lenyewe. Trekta lingechota, likauinua mdomo uelekee juu kidogo. Pipa lingezunguka, mchanga ukadondoka, na mawe yakabaki tumboni mpaka yamwagwe kwingine. Pembeni aliandika: "Linachekecha kama chekeche la bibi, ila halichoki."

Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Miaka mingi ya kusoma majalada ilikuwa imenizoesha kuamini kwamba jambo zito lina lugha yake, na lugha hiyo si ile ya jikoni. Nikaandika juu ya karatasi ile: "Lugha si ya kitaalamu. Mchoro urudiwe." Hakubisha. Alisema, "Sawa mjomba," akaikunja karatasi yake, akaondoka.

Alikwenda mjini kumtafuta mtu wa kumwandikia maneno ya Kiingereza. Akarudi baada ya wiki saba na mchoro uleule, ila mdomo, ulimi, mbavu na kitovu vilikuwa vimeondoka, na mahali pake pamekaa maneno ambayo yeye mwenyewe aliona taabu kuyatamka. Nilipoyasoma mbele ya kamati, wajumbe walinyamaza. Hatimaye mzee mmoja akauliza:

"Katibu, hii ndiyo ile yenye mdomo?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Basi tusomee ile yenye mdomo."

Mpwa wangu akaitoa mfukoni karatasi ya kwanza. Niliisoma, na mradi ukapitishwa kabla jua halijatua. Lakini masika yalikuwa yameanza. Mchanga ulilowa, wavu wa mikono ukaziba, na mafundi, kwa kuharakishwa na kamati ambayo katibu wake ni mimi, wakapiga lipu ya darasa la kwanza kwa mchanga ambao haukuchekechwa. Kufikia Agosti lipu ile ilikuwa ikianguka vipande vipande, ikabidi ibanduliwe yote. Watoto waliotazamiwa kuingia humo mwezi Julai walisomea chini ya mwembe hadi mwisho wa mwaka. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba niliudharau mimi. Tende ikawaota wengine.

Septemba mchanga ulipokauka, pipa lilikuwa tayari. Siku ya majaribio watu walikusanyika, na mama yangu, ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka 80, aliwekewa kiti kivulini. Pampu ya trekta ilitoa mafuta lita 40 kwa dakika, na mota ilitumia sentimita za ujazo 400 kwa kila mzunguko. Kwa hiyo mota ilizunguka mara 100 kwa dakika. Mpwa wangu aliupunguza mwendo huo kwa mnyororo na magurudumu mawili ya meno, dogo la meno 12 na kubwa la meno 24, pipa likazunguka mara 50. Alidhani, kama wengi tulivyodhani, kwamba wepesi ndio tija.

Pipa likavuma. Mchanga ukadondoka kidogo, kisha ukakoma. Mzigo wote uliobaki ulikuwa umegandamana na ngozi, ukizungushwa nayo kama abiria aliyelala garini. Watu wakaanza kucheka. Mama yangu hakucheka.

"Mume wangu," alimwita mjukuu wake, kama mabibi wetu wanavyowatania wajukuu wa kiume, "hilo linazungusha tu, halichekechi. Chekeche sharti liangushe."

Mpwa wangu alisimama kimya kitambo, kisha akazima injini. Alikuwa amekwisha kuelewa.

Wanafunzi wanaweza kuuhakikisha usemi wa bibi huyo kwa fizikia ya sekondari. Kitu kinachozungushwa ndani ya pipa hubaki kimegandamana na ukuta wake hata kikifika juu, iwapo mwendo ni mkubwa kiasi cha kuushinda mvuto wa dunia. Kikomo cha mwendo huo hupatikana kwa kugawanya 42.3 kwa kipeuo cha pili cha kipenyo cha pipa, kikipimwa kwa mita. Pipa letu lilikuwa la mita moja. Kikomo chake kilikuwa mizunguko 42 hivi kwa dakika, nasi tulikuwa tumekipita. Chini ya kikomo hicho mchanga hupanda na ukuta, huachia, kisha huanguka. Na kila uangukapo, chembe zilizo ndogo hupata nafasi mpya ya kukutana na tundu. Gurudumu la meno 24 likaondolewa, likawekwa la meno 60. Mizunguko ikawa 20. Siku hiyo mchanga ulinyesha kama mvua ya vuli.

Zilibaki kasoro nyingine. Kokoto zilikwama kati ya ukingo wa mdomo na fremu, mpaka ulipochomelewa ukosi wa chuma wa kuifunika nafasi hiyo. Aidha, fundi aliweka mwiko: mtu asipite chini ya pipa lililoinuliwa mpaka injini izimwe na mikono ya trekta itegemezwe kwa nguzo ya chuma, wala asitafute uvujaji wa mafuta ya haidroliki kwa kidole, kwa maana mafuta yenye mgandamizo mkubwa hupenya ngozi ya mtu.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa likaanzishwa kwa sheria. Istilahi nyingi zimesanifiwa tangu wakati huo, na kazi hiyo ni njema. Hata hivyo, nimejifunza kwa hasara ya watoto wa watu kwamba istilahi nyingine hazingoji kusanifiwa. Zimo karakanani, zikitumika kila siku. Fundi aliyeita kitovu kitovu hakukosa neno la kitaalamu. Alikuwa amekwisha kulipata, na kila mjumbe wa kamati aliweza kulihoji pamoja naye. Tulipomnyang'anya neno lake, tuliwanyang'anya na wao haki ya kuuliza.

Nawaomba walimu wawapeleke wanafunzi kwa mafundi waliopo jirani, wakiwa na daftari na bila kalamu nyekundu, wakaandike vitu vinaitwaje na kwa nini vikaitwa hivyo.

Karatasi ile ya kwanza ninayo mpaka leo, imechakaa mikunjoni. Maneno yangu yangali juu yake, nami sikuyafuta. Chini yake niliandika mengine siku darasa la kwanza lilipofunguliwa upya, nikatia sahihi: "Lugha ni ya kitaalamu. Katibu ndiye aliyekosea."