Siku tuliyomfanyia shangazi karamu

"Tangu lini mtu akafanyiwa sherehe kwa kufa?"

Swali hilo aliniuliza baba mwaka wa 2023, tukiwa tumeketi chini ya mgunga nyuma ya nyumba yetu huko Mashuuru, Kaunti ya Kajiado. Hakupandisha sauti. Lakini wewe msomaji uliyelelewa na mzee wa Kimaasai unajua kwamba swali linaloulizwa kwa sauti ya chini ndilo zito.

Nilikuwa nimemwendea na ombi. Agosti 7 mwaka huo ilikuwa inatimia miaka 25 tangu bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi na kuua watu 213. Wengine 11 walikufa asubuhi hiyo hiyo katika shambulio la ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam. Mmoja wa wale wa Nairobi alikuwa shangazi yangu, kitinda mimba wa nyanya. Nilitaka ukoo ukusanyike, tuchinje mbuzi, tuimbe na watoto wacheze.

Shangazi alikuwa na umri wa miaka 22. Ndiye msichana wa kwanza katika boma letu kumaliza kidato cha nne, na alikuwa akijifunza kupiga chapa na hati mkato katika chuo cha makarani kilichokuwa ndani ya jumba la Ufundi. Jumba hilo lilipakana na ubalozi, pale barabara ya Moi inapokutana na ile ya Haile Selassie. Bomu lilipolipuka, mwendo wa saa nne na nusu asubuhi, jumba la Ufundi liliporomoka lote.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Mimi nilikuwa na miaka saba, na nilijua jambo moja tu kuhusu Ijumaa ya kwanza ya mwezi: shangazi huja na mkate wa Nairobi. Basi nikaketi kando ya barabara kungoja gari. Gari lilipita, vumbi likatua, shangazi hakushuka. Niliporudi nyumbani nilikuta watu wazima wameizunguka redio ya nyanya, ile ambayo betri zake tulikuwa tukizianika juani ili zipate nguvu kidogo. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyeniambia kitu pia.

Kwa siku kadhaa redio ilizungumza habari za Rose Wanjiku, yule mama ambaye sauti yake ilisikika chini ya vifusi vya jumba hilo hilo. Kenya nzima ilimwombea atoke akiwa hai. Maskini, alipofikiwa alikuwa amekwisha kufa. Wakati huo baba alikuwa akizunguka kutoka hospitali moja hadi nyingine, na mwishowe katika chumba cha maiti. Aliporudi hakusema neno. Alimtazama nyanya, na nyanya akaanza kuvua shanga zake, moja baada ya nyingine.

Baada ya mazishi ukaja ukimya. Kwa mila ya Wamaasai, jina la aliyefariki halitajwi. Si chuki, wala si kusahau, bali ni heshima na tahadhari: aliyelala asiamshwe, na aliyebaki asichomwe kidonda upya. Picha yake ilitolewa ukutani. Sanduku lake la bati likasukumwa chini ya kitanda cha nyanya. Wadogo zangu waliozaliwa baadaye walikua bila kujua kwamba waliwahi kuwa na shangazi mwingine.

Nami niliuheshimu ukimya huo mpaka nilipompeleka binti yangu, aliyekuwa na miaka tisa, katika bustani ya kumbukumbu iliyofunguliwa mwaka wa 2001 mahali ubalozi ulipokuwa. Kuna ukuta wenye majina ya waliokufa. Nikamwonyesha jina la shangazi. Akalitazama, kisha akauliza, "Mama, alikuwa anapenda nini?"

Nilitafuta jibu nikakosa. Mimi mwandishi wa magazeti niliweza kumweleza habari za gari lililobeba bomu, saa lilipolipuka na waliofikishwa mahakamani. Kuhusu shangazi mwenyewe nilijua mkate tu. Kumbe miaka yote hiyo waliomuua nilikuwa nawajua kuliko nilivyomjua yeye! Wakati huo tayari nilikuwa nimempita umri kwa miaka kumi.

Hiyo ndiyo sababu iliyonipeleka kwa baba chini ya mgunga.

Baba alikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ni mila. Ya pili ni mifugo. Ukame uliotuandama hadi mwaka wa 2022 ulikuwa umeangusha ng'ombe kote Kajiado, na boma letu lilibaki na mifugo ya kuhesabu kwa vidole. "Wanyama wamekufa, na hawa waliobaki unataka tuwachinje tukicheka?" aliuliza. Sikuwa na jibu la haraka.

Nilimweleza ninayoyajua. Kwamba ndugu zetu Waislamu wa pwani husoma hitima, wakamwombea marehemu wao, kisha wakala pamoja pilau. Kwamba sehemu za magharibi mwa nchi hii matanga yana ngoma na chakula, wala hakuna anayesema wafiwa hawana uchungu. Baba alisikiliza, akatikisa kichwa. "Hao ni wao."

Mama ndiye aliyetuokoa. Alikuwa akipembua mahindi hapo kando, akasema bila kuinua macho, "Jina msilitaje. Lakini nyama si jina."

Baba akacheka, bila kupenda. Tukaenda kumuuliza nyanya, aliyekuwa amepita miaka 80. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Watoto waje."

Tulikusanyika Jumamosi, Agosti 5, watu arobaini hivi. Upepo wa baridi wa Agosti ulikuwa ukipeperusha vumbi, nasi tukafunga turubai kukinga moto. Kulikuwa na mbuzi wawili wa kuchoma, supu iliyotiwa miti shamba, chapati na chai ya maziwa. Nami nilipitia Kitengela nikanunua mikate ishirini. Watoto walipofika waliinamisha vichwa, wazee wakawagusa utosini, kisha wakatoka mbio kucheza mpira.

Msomaji, sitakudanganya kwamba mambo yalikwenda kama maji. Mwanzoni wazee waliketi upande wao kama waliokuja kusikiliza kesi. Jirani mmoja, rafiki wa baba tangu ujana, alipotambua shabaha ya mkutano aliichukua fimbo yake akasimama. "Sikuja kula juu ya maiti," akasema, akaondoka. Baba alimfuata kwa macho hadi akapotea. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo mtoto wa kaka yangu, wa miaka mitano, akaja na kipande cha mkate mkononi. "Babu, sherehe hii ni ya nani?"

Watu wote wakanyamaza. Baba alikohoa. "Ni ya dada yangu," akasema. Tangu mwaka wa 1998 sikuwa nimemsikia akiyatamka maneno hayo. "Siku moja tulimtuma kunywesha mbuzi mtoni. Akarudi na mbuzi wa watu wengine, maana njia nzima alikuwa anasoma kipande cha gazeti kilichofungia sukari."

Nyanya ndiye aliyecheka kwanza. Baada ya hapo hapakuwa na wa kuzuia. Mmoja akasema alikuwa akipiga mbinja kama mvulana na kugombezwa kila siku. Mwingine akasema aliogopa kinyonga kuliko fisi. Kisha nyanya akasema kwamba kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mashine, alikuwa akifanya mazoezi ya kupiga chapa juu ya sanduku lake la bati. "Usiku nilisikia vidole vyake, nikidhani mvua imeanza." Akajifuta macho kwa ncha ya shuka. Wanawake wakamwimbia.

Najua wako wengi waliopoteza watu siku ile, na wengine waliopona wakiwa vipofu, ambao wamedai fidia kwa miaka mingi. Karamu haiwezi kuchukua nafasi ya haki. Wala sisemi kila boma liige letu. Ukimya wa baba ulikuwa nguzo iliyomsimamisha nyanya wakati alipokuwa karibu kuanguka. Lakini ukimya huo haukuwafaa watoto. Uliwaachia kaburi bila mtu ndani yake.

Ndiyo sababu hujaliona jina la shangazi hapa. Nilimwahidi baba, na ahadi ni deni. Binti yangu, hata hivyo, sasa ana jibu la swali lake, na analo refu.

Mwaka uliofuata tulikusanyika tena. Yule mzee jirani hakuja, nami simlaumu. Jioni baba alimtumia mkate, naye akaupokea.